Kustaafu Kando ya Maji: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua Ploti



Katika mikutano ya vikundi hapa Lodwar na kule Kakuma, kuna swali linalorudi kila mara tukishamaliza hesabu ya akiba: "Nikiacha kazi, nikakae wapi?" Wanaouliza ni walimu wanaokaribia miaka 60, wauguzi, madereva, walinzi, na pia wale waliokuwa wakifanya kazi na mashirika ya wakimbizi Kakuma na Kalobeyei. Mwaka 2025 wafadhili walipokata misaada, wengi wa hao wa mwisho walipewa barua ya kuacha kazi kabla hawajafikia umri wa kustaafu. Mtu ana miaka 48 au 52, ana kiinua mgongo mkononi, na kila jioni anasikia habari ya ploti.

Ploti zinazotajwa sana ni za kando ya maji. Wengine wanataka Kalokol au Eliye, kwenye ziwa letu. Wengine wanataka kuhama kaunti kabisa, waende Mtwapa, Kilifi au Malindi, kwenye Bahari ya Hindi. Si ajabu. Mtu aliyekaa miaka thelathini katika vumbi la Turkana ana haki ya kutamani upepo wa maji. Lakini pesa ya kustaafu huja mara moja, na ikishaingia katika ardhi mbaya hairudi. Kwa hiyo tuangalie pamoja, jambo moja moja.

1. TUANZE NA PESA YENYEWE

Umri wa kustaafu katika kazi ya serikali ni miaka 60 tangu mwaka 2009. Zamani ulikuwa 55. Kwa watu wenye ulemavu ni miaka 65. Kwa wale walio katika mpango wa zamani wa pensheni ya serikali, mtu anaweza kuchukua robo ya malipo yake kwa mkupuo, na sehemu iliyobaki inakuja kila mwezi. Hiyo ya kila mwezi inakufuata benki, hata ukiwa Lodwar, hata ukiwa Malindi. Wengi wanaiangalia ile ya mkupuo tu kwa sababu ni kubwa. Lakini itakayokulisha kwa miaka ishirini ni ile ndogo ya kila mwezi.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Tuseme pensheni yako ni shilingi 20,000 kwa mwezi, na umehamia mji wa pwani wewe na mke wako:

- Kodi ya nyumba: 7,000
- Chakula: 9,000
- Maji na stima: 2,500
- Bima ya afya: 550
- Nauli na dawa: 1,500
- Michango ya kanisa, jirani na mazishi: 1,000

Jumla ni 21,550. Umepungukiwa na 1,550 kila mwezi, yaani 18,600 kwa mwaka, na bado hujaweka nauli ya kuja kuona wajukuu. Hapa nyumbani labda hulipi kodi, na mbuzi wawili watatu wanasaidia. Kila mmoja aweke bei zake mwenyewe, lakini afanye hesabu kwa kalamu. Hesabu ya kichwani huwa inampendelea mwenyewe.

2. ZIWA LETU: KALOKOL NA ELIYE

Ziwa Turkana ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyo jangwani na yasiyokauka. Ni letu, liko karibu, na kutoka Lodwar mpaka Kalokol ni safari ya asubuhi moja tu. Ukikaa huko uko kwa lugha yako, kwa watu wako, na ukiugua sana hospitali ya rufaa ya kaunti iko Lodwar. Hayo ni mambo makubwa, tusiyadharau kwa sababu tumeyazoea.

Sasa tuangalie upande wa pili. La kwanza ni maji ya kunywa. Maji ya ziwa hili yana magadi na floridi nyingi. Ukiyanywa kwa miaka mingi meno yanabadilika rangi na mifupa inaumia. Kwa hiyo ukiambiwa ploti iko "kando ya maji," uliza ni maji gani. Eliye kuna chemchemi za maji baridi zinazotoka chini ya mikoma. Kwingine utategemea kisima au bomba, na ni lazima uone kwa macho yako kama maji yanatoka na ni siku ngapi kwa wiki.

La pili ni kwamba ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Halina mto wa kutokea. Maji yanaingia, mengi sana kutoka mto Omo wa Ethiopia, na yanaondoka kwa kukaushwa na jua tu. Mvua ikizidi Ethiopia, ziwa linapanda. Ikipungua, linashuka. Wazee wa Kalokol wanakumbuka kile kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi muda mfupi sana. Baadaye katika miaka hiyo hiyo ghuba ya Ferguson ikakauka, na maji yakawa mbali na wavuvi. Halafu mambo yakageuka. Mwaka 2019 na 2020 ziwa lilipanda likaingia katika makazi na malisho. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa mazingira walionya kwamba mafuriko ya namna hiyo yanaweza kuja mara nyingi zaidi katika miaka ishirini inayofuata.

Maana yake kwako ni hii: ukijenga mita chache kutoka ukingoni, ziwa linaweza kukuhama au likakufuata mpaka chumbani. Waulize wazee wa hapo maji yalifika wapi wakati wa kujaa, kisha wewe jenga juu ya hapo, mbali kabisa.

La tatu ni usalama. Kaskazini ya ziwa, karibu na mpaka wa Ethiopia, hali si sawa na Kalokol. Februari 2025 wavuvi wa upande wetu walishambuliwa karibu na Todonyang na watu wakapoteza maisha. Mtu mzima anayetafuta mapumziko asivutwe na bei rahisi mahali ambapo hata vijana wanalala jicho moja wazi.

3. BAHARI: MTWAPA, KILIFI NA MALINDI

Tangu mwaka 2013 Kenya ina kaunti 47, na ukivuka kwenda pwani unaingia katika kaunti nyingine yenye ofisi zake, ada zake na watu wake. Miji hii mitatu yote iko katika kaunti ya Kilifi. Mtwapa uko karibu sana na Mombasa, kilomita kama 16. Kilifi ni kama kilomita 60 kutoka Mombasa, na tangu daraja la mwaka 1991 watu hawangoji feri tena. Malindi ni kama kilomita 120.

Malindi umepokea wageni kwa muda mrefu. Waitaliano walianza kuja wengi baada ya mradi wao wa kurusha roketi za San Marco katika miaka ya 1960, na wengine wakafanya Malindi mahali pa kuzeekea. Kwa hiyo mgeni mzee si kitu kipya huko. Lakini angalia tofauti: yule ana pensheni ya Ulaya. Nyumba na hoteli za upande wa ufuo zimewekewa bei ya mfuko wake, si ya mwalimu wa Lokichoggio. Mji wako wewe utakuwa ule wa ndani, wenye soko, bodaboda na shule.

Faida zipo. Hospitali si mbali: Kilifi kuna hospitali ya kaunti, Malindi kuna ya serikali, na Mombasa kuna hospitali kuu ya rufaa ya Pwani. Barabara ni ya lami. Mboga, matunda na nazi zipo kwa wingi. Kiswahili chako kitakupeleka kila mahali, hata kama watacheka kidogo matamshi yako.

Shida nazo zipo. Joto la pwani si kama letu. Letu ni kavu, jasho linakauka. La kule lina unyevu, hasa Februari na Machi, na jasho linabaki mwilini. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza. Kisha maji: sehemu kubwa ya miji hiyo inategemea maji ya visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na mfereji ukikauka mtu ananunua kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni. Visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi. Mtu aliyeondoka Turkana kwa kukimbia shida ya maji asije akainunua upya kwa pesa nyingi.

4. KARATASI ZA ARDHI

Hapa ndipo wengi wanapolia, kwa hiyo tusome polepole.

Kwa upande wa Turkana: sehemu kubwa ya ardhi yetu ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema kwamba ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii hiyo, na kaunti haina ruhusa ya kuiuza. Hata ikishasajiliwa, kuigeuza kuwa ya mtu binafsi kunahitaji kukubaliwa na thuluthi mbili za mkutano wa jamii. Kwa hiyo mzee mmoja, au chifu, au kijana mwenye karatasi iliyopigwa muhuri, hawezi peke yake kukuuzia ufuo wa Eliye. Ukimpa pesa, umenunua karatasi tu. Na kwa mujibu wa Katiba, maziwa na mito ni mali ya umma. Ploti ambayo leo iko ndani ya maji haina mwenyewe wa kukuuzia.

Kuna jambo jingine linalowahusu Waturkana wanaotaka kuhama. Sheria hiyo inataka jamii iwe na orodha ya wanachama wake wakati wa kusajili ardhi. Ukienda Kilifi, hakikisha jina lako na ya watoto wako yako katika orodha ya nyumbani. Usije ukarudi baada ya miaka kumi ukaambiwa hujulikani pale ulipokatwa kitovu.

Kwa upande wa pwani: ardhi ya kule ina historia ndefu na yenye maumivu. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ukaendeshwa na Waingereza kuanzia 1895, na ukaunganishwa na Kenya mwaka 1963. Sheria ya hati ya mwaka 1908 iliwapa hati wachache waliojua kuandikisha madai yao, na wengi waliokuwa wakilima hapo wakabaki bila karatasi. Mpaka leo kuna maelfu wanaoitwa maskwota katika ardhi ya babu zao, na wenye hati wengine wanaishi mbali. Broka hatakueleza hayo. Atakuonyesha minazi na upepo.

Pia kuna desturi ambayo sisi wa bara hatuijui: nyumba bila ardhi. Huko mtu anaweza kuwa na nyumba yake halali, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine ambaye analipwa kodi ya kiwanja. Ukiuziwa nyumba kwa bei nzuri kupita kiasi, uliza mara tatu: "Na ardhi ni ya nani?"

Kabla ya kulipa hata shilingi moja:

(a) Pata nakala ya hati na uende mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi ufanye upekuzi rasmi. Usipokee upekuzi ulioletwa na muuzaji.
(b) Mlete mpima ardhi aonyeshe mipaka chini, si kwenye ramani tu.
(c) Tembea kwa majirani bila broka. Uliza nani analima hapo, nani amezikwa hapo, kama kuna kesi.
(d) Kama ni ardhi ya kilimo, idhini ya bodi ya ardhi ni lazima.
(e) Hakikisha mke au mume wa muuzaji amekubali kwa maandishi.
(f) Tafuta wakili wako mwenyewe. Wakili wa muuzaji ni wa muuzaji.
(g) Lipa kupitia benki, kamwe si kwa noti ndani ya gari.

5. SIKU YA UGONJWA NA SIKU YA MAZISHI

Watu wengi wanachagua mji kwa kufikiria siku nzuri: samaki wa kukaanga, upepo, mkeka chini ya mti. Mimi nawaomba mchague kwa kufikiria siku mbaya. Utakapoanguka usiku ukiwa na miaka 72, nani atasikia? Nani atatafuta gari? Nani atakaa na wewe wodini?

Kwa matibabu, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Inafanya kazi katika kaunti zote, kwa hiyo kuhama hakukuondoi. Asiye na mshahara hupimiwa mapato ya nyumba yake na kutozwa asilimia 2.75, lakini si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole kwa wasio na pesa zote mara moja. Jisajili na ulipe kabla ya kuhama, si siku ya kulazwa.

Wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni wanaweza kuingizwa katika Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kama unamchukua mama yako anayepokea pesa hizo, pita kwanza kwa ofisi ya ustawi wa jamii uulize atazipokeaje huko.

Halafu mazishi. Kutoka Mombasa mpaka Lodwar ni zaidi ya kilomita 1,100. Kusafirisha mwili njia hiyo kumemaliza akiba ya familia nyingi, na wanaobaki na deni ni watoto. Sema mapema, mbele ya watoto na wazee: nitazikwa wapi, na pesa ya kunifikisha iko wapi. Si uchuro kusema hivyo, ni upendo.

Na upweke ni ugonjwa pia. Hapa ukikosa ibada ya jumuiya ndogo wiki mbili, mtu anabisha mlangoni. Huko mwanzoni hakuna anayekujua. Chukua barua ya parokia yako, au ya kanisa lako au msikiti wako, na ujitambulishe wiki ya kwanza. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayekwenda kukaa tu kama mgeni anabaki mgeni.

6. PANGA KWANZA, NUNUA BAADAYE

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usinunue mwaka wa kwanza. Panga chumba. Kaa huko msimu mbaya, si Desemba wakati kila mtu ana furaha. Pwani, kaa Februari wakati wa joto, halafu Mei wakati wa mvua. Kalokol, kaa wakati wa kiangazi na wakati ziwa limejaa. Nunua unga sokoni, chota maji, nenda hospitali ya hapo siku ya kliniki uone foleni. Mke na mume waende wote, maana mara nyingi mwanamume anapenda mahali na mwanamke ndiye anayetafuta maji.

Muda huo wote pesa ya mkupuo ikae katika sako au benki inayoeleweka. Usiuze mifugo yote na usiuze nyumba ya Lodwar. Ukirudi, uwe na mlango wa kufungua. Watu wa pwani wenyewe wanasema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia atatembea mbele na nyuma ya jahazi, lakini mwisho anarudi katikati.

7. KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI

Kikundi cha watu ishirini kina nguvu kuliko mstaafu mmoja na broka. Mnaweza kuchagua wawili wenye macho makali, mkawachangia nauli, wakaone miji yote kwa safari moja na kuleta ripoti. Mnaweza kuwa na faili moja ya maswali na majibu kuhusu ardhi. Mnaweza kukubaliana kwamba mwanachama akitaka kununua ploti atasomea kikundi karatasi zake kwanza, bila kuona haya. Na mnaweza kuanza mfuko wa mazishi wa wale wanaohama, ili kuondoka kusiwe kukatwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kati yetu nani atastaafu katika miaka mitano ijayo? Ana mpango gani?
2. Kila mmoja aandike hesabu ya mwezi mmoja kwa mji anaoupenda. Je, inatosha?
3. Je, jamii yetu imesajili ardhi yake? Majina yetu yako katika orodha?
4. Ni nani atakayemtunza kila mmoja wetu akiugua? Je, mtu huyo anaishi wapi?
5. Tukipeleka watu wawili kuangalia, tungewapa maswali gani?

Mkishajadili, andikeni majibu katika kitabu cha kikundi, na mjadili tena baada ya miezi sita. Uamuzi wa mahali pa kuzeekea haupaswi kufanywa kwa jioni moja.